Kuhukumu Kabla ya Kuhakikisha

Tarehe 19 Aprili 1995 bomu lilipasuka mbele ya jumba la serikali mjini Oklahoma City, Marekani, wakafa watu 168. Kabla ya kupatikana ushahidi, baadhi ya wenye kueneza khabari waliwatuhumu Waislamu. Kisha ikabainika kuwa aliyetenda ni Timothy McVeigh, Mmarekani aliyepata kuwa askari. Tuhuma ile ilikuwa dhulma. Lakini Mwislamu aichukiaye hana ruhusa ya kuwatwika Wamarekani wote dhambi ya McVeigh, wala ya kukadhibisha khabari iliyothibiti kwa kuwa muuaji ni Mwislamu mwenziwe. Amri ya kuhakikisha, iliyomo katika Sura Al-Hujurat, haibagui khabari tuipendayo na tuichukiayo. Mwenye kutaka insafu kwa watu, naye na awatendee insafu.