Amana ya Kupima Maji

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: yalitufikia masuali mawili kutoka kwa ndugu wa darasa letu la kisiwani Remba. La kwanza lauliza kama yafaa Muislamu kuweka kopo la kupimia mvua na kigingi cha kupimia maji ya ziwa, ili ajue tufani huufanya nini ufuo, au kama kufanya hivyo ni kujitia katika ghaibu. La pili tutalitaja mahali pake. Hilo ndilo lililotukosesha usingizi, kwa kuwa halimhusu mtu wa mbali. Latuhusu sisi wenyewe.

La kwanza halihitaji maneno mengi. Mambo matano yaliyotajwa mwisho wa Suratu Luqman ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kuteremka kwa mvua ni mojawapo. Lakini apimaye mvua iliyokwisha kunyesha hakudai kuijua itakayonyesha; amehesabu tu kilichomo koponi. Na hata mwenye kutazama upepo na mawingu akasema "yatarajiwa kadha wa kadha" hakuzidisha juu ya afanyalo nahodha kabla ya kutweka tanga. Wazee wetu wa pwani walizihesabu siku za mwaka kutoka Nairuzi, kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo. Kwa hesabu hiyo walijua majira ya kaskazi na ya kusi, wakati wa kupanda na wakati wa kuvilaza vyombo bandarini. Mwenye kuona kuwa haya ni ghaibu, basi naye asitazame saa akitaka kujua kama Adhuhuri imeingia.

Tena Remba si mahali pa kulifanya jambo hili mchezo. Ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay, na mabanda ya mabati yamesongamana juu yake hata mtu hupita baina ya kuta mbili kwa ubavu. Wamekaa humo watu wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, na riziki yao wote imo majini. Dagaa, ambao wenyeji huwaita omena, huvuliwa usiku kwa taa, khasa siku za giza ambapo mwezi haupo. Na usiku ndio wakati wa khatari. Nchi kavu hupoa upesi jua lichwapo, na maji ya ziwa hubaki na joto lake. Basi upepo hutoka kila upande wa nchi kavu ukaelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji, hewa hupanda, mawingu hujengeka, na dhoruba hupasuka mwisho wa usiku au karibu na Alfajiri, yaani saa ile ile mvuvi anayovuta nyavu zake. Mchana mambo hugeuka, mawingu yakahamia nchi kavu. Haya yamejulikana kwa kupima usiku baada ya usiku, wala hayakujulikana kwa ramli.

Kuanzia mwaka 2017 idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa msaada wa fedha za Uingereza, ili mvuvi apate khabari ya upepo na mawimbi kabla hajatoka. Ni kazi njema. Lakini rada iliyoko Mwanza huona mawingu. Haioni maji yamekula hatua ngapi za mwalo wa Remba asubuhi ya leo. Hilo lataka mtu aliyesimama pale kwa miguu yake, akatazama kigingi kwa macho yake, akaandika.

Na hapa ndipo penye nguzo ya maneno yetu. Maji ya ziwa hili hupanda kwa namna mbili. Kuna kupanda kwa polepole, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inyeshayo juu yake lenyewe. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu, ziwa zima hunyanyuka. Ndivyo ilivyokuwa baina ya 1961 na 1964, lilipopanda kama mita 2 na nusu. Na kuna kupanda kwa usiku mmoja, ambapo upepo huyasukuma maji yote upande mmoja, na mawimbi yakaupiga ukingo juu ya mahali yalipozoea kuupiga, yakachimbua mchanga na kuung'oa udongo ulioshika mawe. Asiyekuwa na hesabu ya kila siku hawezi kuzitenga mbili hizi. Ataona ufuo umeliwa, asijue kama umeliwa na miaka au umeliwa na saa tatu; na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Vipimo vya maji ya ziwa hili vimewekwa tangu 1896. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja, pale mto Nili utokapo, kilionyesha mita 13.42, na watu wakaambiwa kuwa ziwa limepita mpaka wake wa juu uliowahi kuandikwa. Mpaka huo wa zamani ulikuwa mita 13.41, wa Mei 1964. Ewe msomaji, itazame tofauti hiyo: ni sentimita 1, yaani upana wa ukucha. Baina ya vipimo hivyo viwili ni miaka 56. Yule karani wa 1964 hatumjui jina. Lau siku ile angaliona uvivu akaandika 13.5 kwa kuwa ni karibu, au angalikaa nyumbani kwa mvua akaandika kama ya jana, watu wa 2020 wasingaliweza kusema neno lile kwa yakini. Hakujua kama kuna watu watakaokuja kumtegemea. Aliandika alichokiona, akaenda zake.

Wala jambo hili si geni katika umma wetu. Katika kisiwa cha Rauda, Misri, kilijengwa kipimo cha Nili mwaka 247 wa Hijra, sawa na 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil, nacho kipo hata leo. Maji yaliyopimwa pale, sehemu yake ni maji ya ziwa letu hili. Kwa kipimo hicho ilijulikana kodi itakuwaje, na kama mwaka huo ni wa njaa au wa shibe. Imepokewa kwamba al-Muizz wa Kifatimi alikataza kupiga mbiu ya kupanda kwa maji kabla hayajafika dhiraa 16, ili watu wasiingiwe na hofu wakaficha nafaka. Mtu aweza kubishana kama alifanya sawa. Lakini yeye aliinyamazisha namba. Hakuzua nyingine badala yake. Sisi tulifanya lililo baya kuliko lake.

Basi lije suali la pili. Kijana mmoja wa darasa letu alipiga kigingi cha chuma chenye alama katika mwalo, akafungua daftari, na kila baada ya Alfajiri akawa anaandika maji yamefika alama gani, mvua kiasi gani, na upepo watoka wapi. Mwaka jana, wakati wa masika, alimpeleka nduguye mgonjwa Mbita, akakaa siku tatu. Usiku wa pili wa siku hizo kukapiga dhoruba. Alirudi akakuta maji yametulia kwenye alama ya 64. Akaziacha siku tatu wazi.

Siku chache baadaye tukaambiwa kuwa atakuja mgeni wa serikali kuliona daftari. Tukalifunua, tukaona nafasi tatu tupu katikati ya ukurasa uliopangwa vizuri. Ni sisi, wala si yeye, tuliosema: "Jaza, daftari lenye mapengo ni aibu." Naye kwa adabu yake akajaza: 63, 64, 64. Na katika juma lile lile, Mungu atusamehe, tulikuwa tukiwasomesha wauza duka Suratul Mutaffifin, tukiwakemea juu ya kibaba cha unga.

Baadaye kamati ya mwalo ilitaka kupanga mahali pa vichanja vya kuanikia dagaa. Kisiwani nafasi ni finyu, na kila hatua unayoipandisha kichanja umeitoa kwa mwenye banda. Wakataka wajue maji hufika wapi yakipanda sana. Mama mmoja, mjane, aanikaye hapo miaka mingi, akasema kuwa usiku ule wa masika maji yalifika kwenye jiwe jeusi, naye aliyaona kwa taa yake. Wakalifunua daftari. Daftari likasema 64. Namba kubwa kuliko zote zilizoandikwa humo ilikuwa 71, nayo i chini sana ya jiwe jeusi. Wakamwambia, "Mama, usiku hukuza mambo." Wakavipanga vichanja dhiraa moja juu ya 71.

Miezi miwili haikwisha, dhoruba nyingine ikayafikisha maji kwenye jiwe jeusi. Hakufa mtu, walhamdulillahi. Lakini vichanja vilikwenda pamoja na dagaa waliokuwa juu yake, na wengi wa akina mama wale walikuwa wamewanunua kwa mkopo.

Ndipo kijana akaja akauliza: "Je, nilisema uwongo?" Na baadhi ya wenzake wakamtetea. Wakasema kuwa alikisia kwa nia njema, na kuwa hata wataalamu wakubwa, wakikosa kipimo cha siku moja, huikadiria kwa siku zilizo jirani nayo. Maneno haya yana haki ndani yake, hatutayatupa. Lakini mtaalamu akikadiria huandika kuwa amekadiria. Kukadiria ni ijtihadi, na mwenye ijtihadi akikosea ana udhuru. Kuandika katika safu ya vilivyoonwa ni kutoa ushahidi, na shahidi hana ruhusa ya kukisia. Wanavyuoni wa Hadithi walilijua jambo hili zamani. Mpokezi akitia maneno yake ndani ya maneno ya Mtume bila kuyapambanua, huiita mudraj, wala hawasemi maadamu maneno yenyewe ni mazuri hapana ubaya. Na Ibn Lahia, kadhi wa Misri, vitabu vyake vilipoungua akawa apokea kwa kukumbuka, wengi wao walipambanua yale ya kabla ya moto na ya baada yake. Hawakumwita mwongo, walitaka ijulikane tu kipi kimetoka kitabuni na kipi kimetoka kichwani.

Sisi twaona kuwa dhambi kubwa zaidi katika khabari hii haimo katika tarakimu zenyewe. Nafasi tupu ingaliwaacha wanakamati na sikio la kumsikiliza mjane; wangaliona kuwa usiku ule daftari halina la kusema, na yeye analo. Tulipoijaza tulimziba kinywa shahidi wa kweli kwa shahidi wa uwongo, na kwa kuwa wa uwongo ameandikwa kwa wino, akaaminiwa yeye. Wengi wetu tuliosoma tuna ugonjwa huu: kilichoandikwa twakiheshimu hata kikiwa hakina mwenyewe, na kilichosemwa na mama aliyesimama ufuoni twakiita porojo.

Wamesema pia, "Ni kadari; wimbi halikuletwa na daftari." Kweli, wimbi lilikadiriwa. Lakini hatukuamriwa kuandika 64. Na juu ya dhamana ya mali iliyopotea, mafakihi wametofautisha baina ya aliyeharibu kwa mkono wake na aliyekuwa sababu, na baina ya sababu ya karibu na ya mbali. Huenda mwenye kufutu akatuondolea deni. Hatukumwendea, kwani tulichelea kuwa twamtafuta ili atuondolee. Tulikwenda mwaloni sisi na kijana wetu, tukawaeleza akina mama wale lililotendeka na nani aliyeliamrisha, tukatoa tulichoweza. Wengine walitusamehe pale pale. Wawili hawajatusamehe mpaka tunapoandika haya, na hiyo ni haki yao.

Yule mjane hakutaka fedha. Alisema yeye hufika ufuoni kabla ya adhana, na macho yake hayana kasoro. Akataka afundishwe kukisoma kigingi. Kijana alimfundisha kwa siku mbili. Tumezipiga mstari zile tarakimu tatu, pasipo kuzifuta zisisomeke, na pembeni tumeandika "haikupimwa", na chini yake: "Maji yalifika jiwe jeusi usiku wa pili, kwa ushahidi wa mama aliyeyaona." Jiwe nalo limepimwa, liko 118. Daftari sasa liko kwa mjane, na kijana huandika siku asipokuwapo, kila mmoja akitia alama ya jina lake.

Jumatano iliyopita tulikuta nafasi tupu. Tulipomwuliza alituambia kuwa alikuwa Mbita na mjukuu wake hospitali, na kijana naye alikuwa ziwani. Tuliiacha tupu.