Nani Atapalilia Makaburi Tuliyoyaacha?

Masomo: Mwanzo 23:1-20, Mwanzo 35:16-20, Yohana 19:38-42



 

Hivi karibuni mama mmoja wa kanisa letu alipata safari ya kwenda nchi ya tatu. Watu walikuja kumpongeza, wakaimba, wakamfungia mizigo. Yeye alituvuta pembeni akasema: "Baba Mchungaji, mtoto wangu namwacha pale makaburini. Nani atampalilia?" Hatukuwa na jibu. Tuliomba pamoja naye, akapanda basi.

Siku chache baadaye tulikwenda makaburini. Tulikuta mbuzi wanakula majani juu ya makaburi. Misalaba mingi ya mbao ilikuwa imeng'olewa, bila shaka kwa ajili ya kuni. Kaburi la yule mtoto tulilitafuta kwa muda mrefu. Tuliona aibu, kwa maana sisi wenyewe ndio tuliozika pale.

Swali la mama huyu lilitupeleka kwenye Neno la Mungu, na kwa watu ambao kupitia kwao tulilipata Neno hilo, yaani Wayahudi. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa desturi zao za mazishi, tukaziandika ili tufaulu mtihani. Leo tunazisoma kwa macho ya wakimbizi.

1. MGENI ALIYENUNUA KABURI

Sara alipofariki, Ibrahimu alikuwa ameishi Kanaani miaka mingi bila kumiliki hata hatua moja ya ardhi. Aliwaambia wenyeji wazi kwamba yeye ni mgeni anayekaa kwao tu. Ndugu, hali hiyo tunaijua. Imeandikwa kwenye kadi zetu za posho. Efroni Mhiti alisema atampa shamba bure. Ibrahimu akakataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, langoni pa mji. Shamba, pango la Makpela na miti yote vikawa mali yake.

Angalieni jambo hili. Mungu alikuwa amemwahidi nchi nzima, lakini kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa kaburi. Mpaka leo Wayahudi wanashika kwamba kaburi ni la marehemu daima. Halihamishwi ovyo, wala halijengwi juu yake.

Raheli naye alifariki njiani, akimzaa Benyamini, kabla hawajafika Efrathi. Yakobo alimzika kando ya njia, akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Wangapi kati yetu tulizika njiani usiku, bila jiwe wala wimbo, tukaendelea kukimbia? Biblia haikumsahau mama aliyefia safarini.

2. WEMA WA KWELI

Katika jumuiya za Wayahudi kuna kikundi kinachoitwa chevra kadisha, maana yake ushirika mtakatifu. Wengi wao hujitolea. Wanaume humwosha mwanamume, wanawake humwosha mwanamke. Humwosha bila porojo, wakimfunika kadiri inavyowezekana, kisha humwomba marehemu msamaha kama wamemkosea heshima. Ni desturi yao pia kutomwacha maiti peke yake. Mtu hukaa naye akisoma Zaburi mpaka mazishi. Nasi tunasoma katika Matendo 9 kwamba Tabitha alioshwa kabla ya kulazwa orofani.

Halafu humvika sanda nyeupe isiyo na mifuko, tajiri na maskini sawasawa. Talmudi inaeleza kwamba zamani gharama za mazishi ziliwalemea ndugu kuliko msiba wenyewe, hata wengine walimwacha maiti wakakimbia. Ndipo Rabani Gamalieli, kiongozi mkubwa, alipoagiza kwamba yeye azikwe kwa sanda rahisi ya kitani. Watu wakamfuata. Wapendwa, hapa kwetu iko familia iliyouza posho yake ya mwezi ili jeneza lipendeze machoni pa watu. Tusiwabebeshe wafiwa mzigo ambao hata wakuu wa Israeli waliutua.

Baada ya mazishi, wafiwa hukaa nyumbani siku saba. Chakula chao cha kwanza hakitoki jikoni mwao. Majirani hukileta, mara nyingi mayai au dengu. Kwetu wakati mwingine mjane ndiye anayehangaika na sufuria ili wageni wa matanga washibe. Hapo pia tujifunze.

Walimu wa Kiyahudi huiita kazi hii ya kumhudumia maiti wema wa kweli. Sababu yao ni hii: marehemu hawezi kulipa. Ukimpa jirani unga leo, moyoni unajua kesho atakupa chumvi. Lakini uliyemchimbia kaburi hatakurudishia kitu.

Bwana wetu mwenyewe alipokea wema huo. Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo waliuchukua mwili wake, wakaufunga sanda za kitani pamoja na manukato, na Yohana anasema walifuata desturi ya Wayahudi katika kuzika. Yesu alizikwa kama Myahudi, katika kaburi lililotolewa na mtu mwingine. Kwa hiyo Mkristo anayedharau makaburi ya Wayahudi amesahau jinsi Bwana wake alivyozikwa.

3. WAKIMBIZI WALIOZIKWA MORISI

Yako makaburi ya Wayahudi katika Bahari yetu ya Hindi, tena ni makaburi ya wakimbizi. Mwaka 1940 Wayahudi waliokimbia Austria, Chekoslovakia, Danzig na kwingineko walishuka kwa mto Danube, wakavuka bahari katika meli iliyoitwa Atlantic, wakafika Haifa katika Palestina. Waingereza waliotawala huko waliwaita wahamiaji haramu. Mwezi Desemba mwaka huo watu karibu 1,580 walipakiwa tena melini wakapelekwa mbali mpaka kisiwa cha Morisi, mashariki ya Madagaska. Huko walifungiwa katika gereza la Beau Bassin ingawa hawakuwa wezi wala wauaji. Wanaume walilala katika vyumba vya wafungwa, wanawake katika vibanda vya mabati. Waliruhusiwa kuondoka Agosti 1945.

Kwa karibu miaka mitano hiyo homa ya matumbo, malaria na magonjwa mengine viliua zaidi ya watu 120. Walizikwa katika sehemu yao kwenye makaburi ya St. Martin. Halafu walio hai walipanda meli wakaenda zao, kama yule mama alivyopanda basi. Bila shaka wako waliotazama nyuma na kuuliza swali lake.

Jibu lilikuja. Jumuiya ya Wayahudi wa Afrika Kusini, watu ambao hawakuzaliwa na marehemu hao, ilibeba jukumu la kuyatunza. Mawe yenye majina yamesimama mpaka leo. Na mwaka 2014 kanisa dogo la zamani, lililo karibu na makaburi hayo, lilifunguliwa kuwa mahali pa kuwakumbuka.

4. MAWE YALIYOFANYWA BARABARA

Huko Ulaya walikotoka mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wanazi na wenzao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Miji mingi ilibaki na makaburi yao bila mtu wa kuyatunza. Mawe yaling'olewa yakatandikwa barabarani na kujengewa kuta. Katika mji wa Thessaloniki, Ugiriki, makaburi yao makubwa yalibomolewa kuanzia Desemba 1942, na leo chuo kikuu kimesimama mahali pale. Tukiri kwa unyenyekevu kwamba wengi waliochukua mawe yale walikuwa watu waliobatizwa, majirani wa marehemu.

Lakini wako pia majirani wengine. Mjini Kraków, Poland, vipande vya mawe yaliyovunjwa vilikusanywa baada ya vita vikajengwa kuwa ukuta kando ya makaburi ya Remuh. Katika vijiji ambako hakuna Myahudi hata mmoja, wako Wakristo, walimu na wanafunzi wanaofyeka vichaka na kusimamisha mawe yaliyoanguka.

Wenye hekima kati yao huwauliza Wayahudi kwanza. Hawachimbi ovyo, kwa sababu mifupa haitakiwi kusumbuliwa. Hawasimiki msalaba juu ya kaburi la Myahudi. Hawaachi mifugo ichunge humo, wala hawali na kunywa pale. Wakitembelea kaburi huweka jiwe dogo juu yake, kama ilivyo desturi ya Wayahudi, ishara kwamba mtu alifika. Kumheshimu marehemu ni kumheshimu kwa desturi yake, si kwa desturi yetu.

5. NA SISI TUFANYE NINI?

Baraza la wazee limekaa, limekubaliana haya:

Kwanza, kila Jumamosi ya pili ya mwezi tutakwenda makaburini. Vijana waje na majembe na mapanga. Tutaanza na uzio wa miti ya miiba, kwa maana bila uzio mbuzi watatushinda.

Pili, tutafungua daftari la makaburi: jina la marehemu, mwaka aliofariki, kijiji alikotoka, na mahali alipolala. Familia inayopata safari isiondoke kabla ya kuandikisha watu wake. Watoto wao wakirudi siku moja, waonyeshwe.

Tatu, hatumlaani aliyechukua misalaba. Shida ya kuni tunaijua wote. Ila ndugu, tusipike ugali kwa jina la mtoto wa mwenzetu. Kuanzia sasa tutaandika majina kwenye mawe.

Nne, pale wamelala pia Waislamu, na watu ambao hakuna anayejua dini yao. Tutapalilia yote. Kwa makaburi ya Waislamu tutamwendea imamu kwanza, tufuate atakavyotuelekeza.

Hatufanyi haya ili tulipwe. Lakini tunajua kwamba kila mmoja wetu ana kaburi nyumbani asilolifikia. Huenda wakati huu jirani tusiyemjua anang'oa magugu juu ya baba yetu. Huenda pia hakuna.

Na wako wapendwa wetu ambao hatukuwazika kabisa. Tulikimbia tukawaacha mlangoni au mtoni, na jambo hili linatunyima usingizi. Kwa hao tusome Kumbukumbu la Torati 34. Musa alifariki mlimani, mbali na watu wake, bila kufika alikokuwa akienda. Hakuna mwanadamu aliyelijua kaburi lake. Aliyemzika ni Bwana mwenyewe. Mungu aliyefanya kazi hiyo kwa mkono wake anajua walipo watu wetu, kila mmoja kwa jina lake, na siku ya parapanda hatawatafuta kama sisi tulivyomtafuta yule mtoto.

Kaburi lake tumeliona, kwa msaada wa dada aliyekuwapo siku ya mazishi. Tumelipalilia na kuweka jiwe. Mama amepelekewa habari.

TUOMBE: Ee Baba, uliyemzika Musa na kumfufua Mwanao, wafariji walioacha wafu wao mbali. Wape kupumzika waliolala katika ardhi ya ugenini, na waliolala katika ardhi yetu bila sisi. Utusamehe tulivyopuuza makaburi ya wengine. Utupe mikono ya kutenda wema usiolipwa. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Bwana awabariki. Tuonane Jumamosi, na msisahau majembe.