Utamu wa Unga wa Yanga

Liko swali moja ambalo limenikalia moyoni kwa muda mrefu, nalo ni hili: je, mtu aliyeshiba ana haki ya kukitamani chakula cha siku za njaa? Msomaji anaweza kuniona mtu wa mambo madogo. Dunia ina vita, maradhi na dhuluma za kila namna, nami nimekaa kufikiri habari za sufuria. Lakini nadhani chakula si jambo dogo. Mtu hutazamwa anachokula kabla hajaulizwa anachofikiri, na wengi wetu tumepimwa utu wetu kwa kilichokuwa sahanini.

Mimi ni mpenzi wa vyakula vya zamani, hasa vile ambavyo watu wenye staha zao huviona vya ovyo. Napenda muhogo wa kuchoma uliotiwa chumvi na pilipili, embe bichi, ubuyu wa rangi nyekundu, kashata, makande yaliyolala, na ukoko wa wali uliokwanguliwa chini ya sufuria. Mgeni akija kwangu asubuhi hukuta magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi katika kikombe cha bati. Wengine hucheka, wengine hununa kidogo wakidhani nimewabania mkate na siagi. Sitaficha kwamba ndani ya mapenzi hayo mna ukaidi. Ukaidi huo niliuanza zamani, pale shuleni, tulipokatazwa kununua vitu vya kina mama waliokaa nje ya lango. Tulinunua tukaficha katika mifuko ya kaptura. Wenye kula ubuyu ndio waliokamatwa kila mara, kwa kuwa ulimi mwekundu ni shahidi asiyeweza kuhongwa.

Basi katika vyakula vyote hivyo kimoja kina kisa kirefu kuliko vingine, nacho ni ugali wa yanga. Kwa faida ya vijana, nieleze. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulipunguza sana mavuno ya Tanzania, na Serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Baadaye yakaja mengine: bei ya mafuta ikapanda, vita vya Kagera vikaanza Oktoba 1978, na miaka ya mwanzo ya 1980 ikawa miaka ya kukosa sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na nguo. Miongoni mwa nafaka zilizoletwa yalikuwamo mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu walipouona unga wake hawakusubiri mtu awape jina. Kwa kuwa timu ya Young Africans, iliyoanzishwa mwaka 1935, huvaa njano na kijani, unga ule ukaitwa yanga. Jirani zetu wa Kenya nao waliyajua mahindi ya njano baada ya ukame wa mwaka 1984.

Hebu tulitazame jina hilo. Watu walipewa chakula wasichokichagua, chenye rangi na harufu wasizozizoea, huku uvumi ukienea kwamba huko kilikotoka ni chakula cha mifugo. Wangeweza kunung'unika tu. Badala yake wakakifanyia mzaha, wakakitia katika ushindani wa mpira ambao ulikuwa mali yao wenyewe. Shabiki wa Simba aliyekula ugali ule alikuwa na la kujitetea mbele ya wenzake. Kwangu mimi huo ni uasi wa aina yake. Asiyeweza kukikataa kilichomo sahanini anaweza angalau kukipa jina analotaka yeye.

Hata uvumi ule wa mifugo ulikuwa na pande mbili. Ni kweli kwamba Marekani mahindi ya njano hulimwa zaidi kwa ajili ya mifugo na viwanda. Lakini ni kweli pia kwamba rangi ile ya njano hutokana na viini ambavyo baadhi yake mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ambayo katika mahindi meupe karibu haimo. Leo wataalamu wa lishe wanatuhimiza tule viazi lishe vya rangi ya machungwa kwa sababu hiyohiyo. Tulichokidharau kwa rangi yake kilikuwa na faida katika rangi hiyohiyo.

Miaka michache iliyopita, ndugu zetu walipokuwa wakipanga mkutano wa ukoo, nilipendekeza tupike chakula cha zama zile: ugali wa njano, kisamvu na dagaa, katika sahani za bati. Vijana walishangilia. Shangazi yangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana, alinyamaza mpaka kelele zikaisha. Kisha akasema, "Baba, pikeni mnachotaka, lakini mimi mnipikie wali. Wewe unaukumbuka ugali. Mimi naikumbuka foleni."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kuweka jiwe mlangoni mwa duka, maana wakati ule jiwe lilishika nafasi ya mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akirudi saa sita mchana na kilo mbili, au na mikono mitupu. Sisi watoto tuliukuta ugali uko mezani, wa moto, na shangazi amekaa pembeni akisema ameshakula. Chakula kilikuwa kimoja, lakini kumbukumbu zilikuwa mbili. Yangu ilikuwa ya utamu, nayo ilinunuliwa kwa taabu yake.

Hapo ndipo swali langu linapopata uzito. Wako wanaosema kwamba kukitamani chakula cha shida ni kuwadhihaki walioteseka. Wahenga wamesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wenye hoja hii hutuonyesha hoteli zinazouza muhogo kwa bei ya kuku, zikauandika "chakula cha asili", ilhali mama anayeuza muhogo uleule barabarani hufukuzwa na kumwagiwa sufuria lake. Wanauliza: ni heshima gani hii inayokipenda chakula na kumchukia mpishi wake? Hoja hii ina nguvu, wala sijapata jibu la kuivunja.

Wako pia wanaosema kinyume. Wao huona kwamba aibu ya chakula ni mnyororo, na kula hadharani kile ulichofundishwa kukionea haya ni kuukata mnyororo huo. Watazame wanawake wetu. Katika makabila mengi firigisi ilikuwa ya baba, na Buganda ya zamani ilimkataza mwanamke kula kuku na mayai. Miiko hiyo ilipambwa kwa maneno ya heshima, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba aliyepika hakula. Mwanamke wa kwanza aliyeitafuna firigisi jikoni kwake bila kuomba ruhusa hakuwa mlafi. Alikuwa akiuliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu. Au tazama dona. Ulikuwa unga wa magereza na shule za bweni, na aliyepata nafasi alikimbilia sembe nyeupe ili aonekane ametoka. Leo daktari humwambia tajiri mwenye kisukari arudie dona, kwa kuwa sembe imeondolewa pumba na kiini. Laiti tusingeutazama unga kama cheo, tusingehitaji daktari kutukumbusha.

Na jambo hili si letu peke yetu. Korea ya Kusini, baada ya vita vya 1950 hadi 1953, watu wenye njaa walichukua soseji na nyama za makopo zilizotoka katika kambi za jeshi la Marekani, wakazipika pamoja na kabichi yao iliyochachushwa na pilipili. Mchuzi huo huitwa budae jjigae, yaani mchuzi wa kambi ya jeshi, na sasa vijana huufurahia mikahawani. Nadhani huko nako wapo akina shangazi wanaoomba wapikiwe kingine.

Tena tusidanganyane kwamba cha zamani chote ni kizuri. Muhogo wenyewe, tunaouita wa asili, asili yake ni Amerika ya Kusini, kama vile mahindi yalivyotoka Amerika. Na muhogo mchungu usiporowekwa na kukaushwa vizuri una sumu. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame uliwafanya watu waharakishe kuuandaa, na baadhi yao wakapata ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na ambao haurudi nyuma. Mwenye njaa hana miiko, wala hana muda wa kuroweka. Anayeukumbuka muhogo wa zamani kwa tabasamu, na amkumbuke pia yule aliyebaki na fimbo.

Sasa nasimama wapi mimi? Nimefikiri sana, na nimefika hapa. Kilichoutia uchungu ugali wa yanga hakikuwa rangi wala harufu. Kilikuwa ni kukosa hiari. Kwa hiyo mimi ninayeula leo kwa hiari yangu sili kile alichokula shangazi, hata kama unga ungetoka katika gunia lilelile. Nala kitu kingine kinachofanana nacho. Nikikumbuka tofauti hiyo, naweza kula bila kumkosea mtu. Nikiisahau, nikajidai kwamba "sisi wa zamani tulikuwa na furaha na kidogo tulichonacho", nimeshaanza kusema uongo kwa niaba ya watu walioteseka.

Kutokana na hapo najiwekea kanuni tatu, nazo nampa msomaji azipime. Kwanza, mwenye kumbukumbu ya uchungu ana haki ya kukataa, na kukataa kwake kuheshimiwe kuliko shangwe zetu. Wali wa shangazi ulipikwa wa kwanza siku ile, ukapakuliwa wa kwanza. Pili, chakula kiende pamoja na habari zake. Tukiwapa watoto ugali wa njano tuwape na jiwe la foleni, wajue kwamba utamu wa mtoto hulipiwa na mtu mwingine. Tatu, ukikipenda chakula cha maskini, basi mheshimu na maskini anayekila leo bila kuchagua. Mnunulie mama wa barabarani kwa bei anayoitaja, usimwombe apunguze shilingi mia huku hotelini umetoa elfu kumi bila kuuliza.

Ukaidi wangu basi nitaendelea nao. Magimbi yatachemka, na kikombe cha bati kitakaa mezani hata akija mgeni wa cheo. Ninaukataa mpango wa kuwapanga watu kwa sahani zao, kwamba huyu ni wa mkate na yule ni wa muhogo. Lakini uasi ulio mwepesi ni ule wa kula unachokipenda. Ulio mgumu ni kutaka kila mtu afike mahali pa kuweza kusema, kama alivyosema shangazi, "Mimi mnipikie kingine," na kingine hicho kiwepo.