Mtoto wa Tembo Alipewa Kuchekesha, Sisi Je?

Filamu ikitengenezwa upya, wengi huuliza ipi imeizidi mwenzake. Mimi siku hizi nauliza kwanza ni nani aliyepewa nafasi ya kuchekesha.

Mwaka 1932 Hollywood ilitoa Red Dust, hadithi ya mapenzi iliyojaa vichekesho. Clark Gable ndiye bwana wa shamba la mpira huko Indochina, ingawa shamba lenyewe lilijengwa studio. Anayekumbukwa zaidi ni Jean Harlow, anaoga ndani ya pipa huku akirushiana maneno na Gable. Mwaka 1953 hadithi ikarudiwa kwa jina la Mogambo. Mwandishi yuleyule, John Lee Mahin, na Gable yuleyule, sasa ana miaka hamsini na ushee. Safari hii mwongozaji, John Ford, alikuja kupiga picha huku kwetu Afrika Mashariki.

Kwa ucheshi wa maneno, ya zamani imeshinda, tena kwa mbali. Harlow hana mpinzani. Lakini Mogambo ina kipande kimoja ambacho studio isingekipata kamwe: Ava Gardner yuko na watoto wa tembo, mara mmoja anamsukuma, chali kwenye tope! Inasimuliwa kwamba hakikuwamo kwenye mswada, Ford akaacha kamera iendelee.

Watoto wa tembo wakarudi tena katika Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa hapa kaskazini, Momella na kwingineko, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, ikatoka mwaka 1962. Hii si marudio ya Mogambo, ila kicheko ni kilekile. Elsa Martinelli anawaogesha tembo wadogo watatu, na wenyeji wanampa jina la Mama Tembo.

Niliitazama Karatu pamoja na madereva wa watalii, jioni wameshashusha wageni. Kwa wale tembo walicheka hadi machozi. Walipotokea Waarusha na ngoma yao, chumba kikapoa. Dereva mmoja kijana akanigeukia: "Kaka, hawa wazee wetu wao hawaongei?"

Swali hilo limenikaa. Mnyama amepewa muda wa kutuchekesha, mwenye nchi akaachwa nyuma ya picha akipiga makofi. Na vichekesho huku havijawahi kukosekana! Usiku uleule, kijana huyo alitusimulia habari ya nyani wa Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, aliyeingia garini na kutoka na chakula cha mgeni. Aliigiza nyani anavyochungulia dirishani, mgeni anavyolia kwa Kifaransa, na yeye mwenyewe anavyobembeleza pande zote mbili. Hakuna aliyeikumbuka filamu tena.

Natamani sana Hatari! itengenezwe upya. Kumkimbiza faru kwa gari na kumtia kamba hakuwezekani tena Ngorongoro, na ni heri. Dakika hizo zote wapewe madereva wa Karatu, waongee.