Kata Haimiliki Maji

Fundi wa mtandao katika ofisi nyeti huchunguzwa yeye kwanza. Anatoa alama za vidole DCI, anangoja cheti cha tabia njema, anatia saini karatasi ya kutunza siri. Baadaye anapewa paswedi ambayo pengine hata bosi wake hana. Sasa jiulize: siri anayoitunza ni ya nani?

Wengi tutasema ni ya mwajiri, manake ndiye anayemlipa. Lakini tuseme yuko hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Msambweni. Kompyuta anayoitengeneza ina majina ya wagonjwa, na baadhi yao ni jirani zake. Siku moja binamu anampigia kutoka Ukunda: "Kaka, hebu niangalizie, mume wangu alipimwa nini?" Huku kwetu kumkatalia ndugu ni kiburi. Hata hivyo akatae. Akija askari na ombi hilohilo, bila amri ya korti, jibu ni lilelile.

Jambo hili si geni Kwale. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni kati ya misitu ya Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Katika kaya, mahali lilipozikwa fingo palijulikana na wazee wachache tu. Hawakuwa wenye siri ile. Waliishika kwa niaba ya wote waliokaa ndani.

Kazi inakuwa ngumu pale mvunja siri anapokuwa ofisi yenyewe. Fundi anaona taarifa za watu zikinakiliwa usiku kupelekwa kusikojulikana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, lakini ile karatasi aliyosaini inamtisha. Edward Snowden alifika njia panda hiyo mwaka 2013, na akaishia uhamishoni Urusi.

Wahenga walisema aijuaye siri ya mtungi ni kata. Sawa, lakini kata haimiliki maji. Kabla ya kunyamaza, fundi ajiulize: mwenye taarifa hizi angejua, angenishukuru kwa ukimya wangu? Swali hilo halitamwokoa na kufutwa kazi. Litamwonyesha tu kama anatunza amana, au anamfichia mwizi.