Manahodha Wengi Kifuani

Fundi seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, ameishi na pumu tangu utotoni. Vumbi la mbao likimkaba, hupachika penseli sikioni, hutoa pampu mfukoni, huvuta mara mbili, hukaa kidogo, kisha hurudi kwenye randa yake. Miaka ilikwenda hivyo, mpaka msimu mmoja wa mvua kifua kilipogoma kufunguka.

Alianza kuamka usiku kifua kikipiga mluzi. Zahanatini akapewa vidonge vya theofilini, asubuhi na jioni. Vilimpa nafuu, ila si kama alivyotaka. Jirani akamgawia vidonge vyake vya salbutamol vilivyobaki. Kikohozi kilipozidi, muuzaji wa duka la dawa, ambaye mtaa mzima humwita dokta, akamuuzia chupa ya dawa ya maji ya kulainisha makohozi. Wiki hiyohiyo tumbo likamsumbua. Akaambiwa ni taifodi, akanunua siprofloksasini. Wote waliompa dawa walikuwa na nia njema. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: nyumbani una dawa gani nyingine?

Siku ya tatu, mstari aliokuwa akiuchora kwenye ubao ulitoka umepinda. Akadhani ni macho. Kumbe ni mkono unaotetemeka. Jioni akanywa kahawa vikombe viwili ili apate nguvu. Usiku moyo ukamwenda mbio, akatapika, na miguu ikawa kama si yake. Mkewe akazikusanya dawa zote, akazifunga kwenye khanga, wakakimbilia hospitali.

Daktari alikuwa kijana. Alimpa mzee shikamoo yake, akaomba kile kifurushi kifunguliwe mezani, akawa anasoma maandishi madogo, dawa moja baada ya nyingine. Pampu, vidonge vya jirani na chupa akaviweka upande mmoja.

"Mzee wangu," akasema, "hivi vitatu ni dawa ileile. Majina ya nje ndiyo yaliyobadilika."

Kweli, ndani ya vyote vitatu mlikuwa na salbutamol. Pampu ya kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa mvuto mmoja, zikaenda moja kwa moja kwenye njia za hewa. Kidonge cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000, yaani sawa na mivuto 40, na hupitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani. Huko njiani hugusa moyo na misuli ya mikono. Ndiyo maana mstari ulipinda.

Theofilini nayo hulegeza misuli inayobana njia za hewa, lakini kwa njia yake. Mtu angetarajia kwamba zikiungana, nafuu itakuwa maradufu. Sivyo. Misuli ikishalegea, dawa ya ziada haina cha kulegeza tena, ila madhara huendelea kulundikana. Zote mbili huharakisha moyo. Zote mbili huweza kupunguza potasiamu kwenye damu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige kwa mpangilio na misuli huyahitaji ili iwe na nguvu. Kahawa nayo ina kafeini, ndugu wa damu wa theofilini.

Tena, kipimo cha theofilini kinachoponya na kile kinachodhuru vinakaribiana sana. Ini ndilo huivunja na kuiondoa mwilini, na siprofloksasini hulizuia ini lisifanye kazi hiyo ipasavyo. Erithromaisini nayo hufanya hivyo. Basi fundi alimeza vidonge vilevile vya kila siku, lakini ndani ya damu yake dawa ilikuwa ikipanda. Ikipanda zaidi ya hapo, huleta degedege na kuuvuruga moyo kiasi cha kuua.

Si kwamba dawa za pumu hazichanganywi. Mtu akifika hospitali amezidiwa, hupewa salbutamol pamoja na ipratropiamu, kwa kuwa moja hulegeza misuli na nyingine huzima amri ya neva inayoibana. Huo ni mchanganyiko uliopimwa, na mgonjwa yuko mbele ya macho ya wahudumu. Mchanganyiko wa fundi ulipangwa na njaa ya pumzi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Liko kosa lingine chini ya hilo. Dawa zake zote za kifua zilikuwa za kufungua njia na kulainisha makohozi; hakuna iliyotibu uvimbe wa ndani, ambao ndio mzizi wa pumu. Nchini New Zealand vifo vya pumu vilipanda ghafla kuanzia 1976, mwaka ambao pampu ya fenoterol, ndugu wa salbutamol, iliingia sokoni. Mwaka 1989 watafiti waliihusisha na vifo hivyo. Matumizi yake yalipobanwa, vifo vikashuka. Mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa pampu ya salbutamol peke yake, bila dawa ya kuvuta ya kupunguza uvimbe.

Fundi alipona. Alitoka hospitali na pampu mbili, moja ya kila siku ya kutuliza uvimbe na moja ya dharura. Daktari akamwonya: "Ukiona ya dharura unaihitaji mara kwa mara, usiongeze dawa. Njoo."

Nawe msomaji, usiache dawa yako kwa kusoma kisa hiki, na kifua kikibana sana tumia pampu yako ukielekea hospitali. Lakini kabla hujanunua hata chupa ya kikohozi, funga dawa zako zote kwenye khanga, uzifungue mbele ya mfamasia au daktari. Asipokuuliza una dawa gani nyingine, mwambie wewe.