Kaburi Lisilo Letu

Kila Mei Mama hutaka nimsindikize St. Austin's, kule Lavington, kwenye makaburi ya wamisionari. Kutoka Mukuru kwa Njenga ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli hutoka mfukoni mwangu. Anaenda kumwona Edel Quinn, Mwairishi aliyeleta Lejio ya Maria huku. (Si wale wa kanzu unaowaona mtaani. Hao walijitenga miaka ya 1960 wakawa na kanisa lao.)

Mwaka huu niligoma. Nikamwambia, "Mama, sisi wenyewe tuko na mtu wetu na hana kaburi."

Baba ya babu alichukuliwa Ukambani 1917 kubebea Waingereza mizigo, wakimfukuza Mjerumani huko Tanganyika. Babu alizaliwa mwaka huo huo. Mzee hakurudi. Babu alikuwa ameniandikisha habari za ukoo kwenye daftari, lakini tingatinga zilipopita mtaani Novemba 2021, daftari lilibaki chini ya mabati. Kwa hivyo hayo machache ndiyo yote niliyo nayo.

Edel je? Jioni moja na simu, bando ya shilingi hamsini, nikampata mzima. Alizaliwa Kanturk, Cork, 14 Septemba 1907. Akaugua kifua kikuu, akalazwa mwaka na zaidi. Oktoba 1936 akapanda meli hivyo hivyo na mapafu mabovu, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika hadi Mauritius. Alifia Nairobi 12 Mei 1944, miaka 36. Najua hadi ugonjwa uliomuua. Wa kwetu sijui kama ilikuwa kuhara, malaria au njaa, maana hivyo ndivyo vilivyomaliza wapagazi wengi kuliko risasi.

Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Nilisoma hiyo ripoti nikiwa nimeshaacha chuo, karo imeshinda, na nikaona aibu kwamba hasira yangu haikuwa kwa tume. Ilikuwa kwa Edel.

Je, ni kosa kumpelekea maua mgeni wakati wa kwako amelala porini? Nilidhani ndiyo. Niliona kumbukumbu ni kama unga nyumbani: ukimgawia jirani, mtoto wako atalala njaa. Mama alinisikiliza akikaza lesso.

"Huyu msichana ndiye alinyima babu yako kaburi?"

"Hapana."

"Basi mwache."

Jibu hilo halinitoshi, nakiri. Edel alikuja chini ya bendera ile ile iliyomchukua mzee, na ni ajabu, kwa sababu alikua akiona Wairishi wenzake wakipigana kuiondoa kwao. Lakini hakuandika orodha ya wapagazi, wala hakuificha. Mzee alipotea Edel akiwa mtoto wa miaka kumi au pungufu. Deni ni la wengine, na nikimdai yeye nitakuwa nimewaachilia waliokula.

Tena Mama hajawahi kuwa na mahali pa kulilia watu wetu. Pale St. Austin's kuna jiwe, kuna jina, mtu anaweza kupiga magoti. Nilipomwona aking'oa magugu, nilimsikia akitaja jina la mzee katikati ya rozari. Ni jina langu pia. Liko kwenye kitambulisho changu, karani amekosea herufi moja.

Tukirudi nilimwambia Kariakor imepewa jina kutokana na hao wapagazi. Akaniuliza kama kuna kaburi lolote huko.

"Sijui. Kuna soko. Viondo, na viatu vya akala."

Akafungua kibeti, akahesabu sarafu zake. "Basi tushuke huko."